Fundi Sikio na Gari Lisilokata Kushoto

Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa magari, na mtaa mzima ulimwita Sikio. Mimi mwenyewe shuleni niliitwa Binti Sikio, na siku moja mwalimu mkuu aliandika barua ya kuja nyumbani, juu ya bahasha akaweka "Kwa Mzee Sikio", kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Baba akaipokea bila kukunja uso.

Jina lilimkaa. Enzi za magari ya kabureta, hapakuwa na mtu aliyeweza kupatanisha hewa na petroli kama yeye. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Mkono wa pili ulishika bisibisi fupi, akazungusha skrubu ya kabureta: robo mbele, nusu nyuma, robo tena mbele. Wateja walinyamaza kama wako msibani. Kisha Baba alifumbua macho na kutoa hukumu. "Sasa imeshiba." Au, "Hii ilikuwa inakunywa kama iko harusini, nimeipunguzia." Mtu akiondoka hapo, gari linanong'ona.

Lakini miaka thelathini ya kubana injini sikioni haipiti bure. Masikio yalianza kuziba pole pole, na yeye hakumwambia mtu. Nyumbani tulidhani amekuwa mtulivu. Kila ulichomwambia alitikisa kichwa na kutabasamu, nasi tukasema, jamani, uzee umemtia adabu. Kumbe hasikii kitu! Kwa kutikisa kichwa tu alimkubalia mjomba wangu, kaka yake Mama, kuja kukaa kwetu mwezi mzima. Mjomba akafika na godoro lake na redio mbili. Baba alipomkuta sebuleni alimtazama kama uyoga ulioota chini ya meza.

Kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mteja akisema "Funga boneti, mzee," yeye akafungua zaidi. Akiambiwa "Fungua," akafunga. Wakati mwingine wawili hao walifunga na kufungua mara sita, kila mmoja akimwona mwenzake hana akili. Halafu akapokea gari la fundi seremala mmoja, akabana bisibisi sikioni kama kawaida, akazungusha skrubu huku na huku, akisubiri injini imwambie kitu. Haikumwambia. Akaona haya kukiri, akasema, "Imeshiba." Ilikuwa imeshiba kupita kiasi. Seremala alipofika mbele ya posta, bomba la moshi likalipuka pwaa! na foleni nzima ya watu waliokuwa wakingoja dirishani ikalala kifudifudi.

Aliyegundua ni Mama. Mama ni fundi cherehani, na alikuwa ameinamia gauni la mtu, pini mdomoni. Akasema bila kugeuka, "Baba watoto, niletee uzi mweupe."

Baba akaenda. Akakaa sana huko jikoni. Tukasikia sufuria, tukasikia mwiko. Baada ya nusu saa akarudi, amebeba bakuli kwa mikono miwili, analitazama lisimwagike.

"Uji mweupe huu hapa," akasema. "Sukari nimetia kidogo tu."

Mama alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Alicheka, akajipiga mapaja, halafu akaelewa. Akasimama, akamshika Baba masikio yote mawili kwa viganja vyake, akamwangalia usoni kwa muda mrefu. Kisha wakakaa, wakanywa ule uji pamoja, na Mama akamshika mkono muda wote.

Daktari alisema neva za masikio zimechoka na hazitarudi. Akampa vifaa vya kuweka sikioni. Vilimsaidia kidogo kwa sauti za watu, lakini injini ikiunguruma, Baba alisema, anasikia mabati yanayokokotwa barabarani. Akafunga sanduku la spana, akarudi nyumbani kukaa.

Kukaa hakumfai mtu yule. Alipiga pasi nguo za wateja wa Mama, akapanga vifungo kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa rangi tena. Siku ya nne akafungua cherehani ya Mama, akaisafisha, akaipaka mafuta, akairekebisha. Mama alipokanyaga pedali, cherehani ikaondoka na kitambaa. Kabla hajainua mguu alikuwa ameshashona mkono wa shati kwenye suruali. Alimfukuza chumbani kwa rula ya kupimia.

"Katafute kazi, mume wangu! Nakupenda, lakini katafute kazi!"

Kazi gani sasa? Magari nayo yalikuwa yamebadilika. Yale mapya hayakuwa na kabureta wala skrubu ya kuzungusha. Kila silinda ilikuwa na nozeli yake ya kupulizia petroli, inayofunguliwa na umeme, na kompyuta yenye ukubwa wa daftari ndiyo inayoamua kila nozeli ibaki wazi kwa muda gani, ikihesabu kwa sehemu za elfu za sekunde. Baba aliyachukia tangu zamani. "Gari lenye akili zake," alisema, "lina haja gani na mimi?"

Ndipo akaja Bi Waya.

Bi Waya alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko pumzi. Karakana yake ilipakana na ile ya Baba. Alikuja nyumbani na kipande cha chaki mfukoni na ubao mdogo wa watoto kwapani, kwa sababu alikuwa ameshasikia habari za masikio. Akaandika, huku anasema kwa sauti ingawa hapakuwa na haja:

"Mzee, nimenunua mashine ya kupimia magari. Inanipa namba arobaini kwa mara moja. Mimi najua waya. Injini siijui. Namba zinanitazama, nami nazitazama."

"Na mimi masikio sina," Baba akajibu.

Bi Waya akafuta ubao kwa kiwiko, akaandika: "Mashine haina mdomo. Ina kioo."

Baba akausoma mara mbili. Mama, akiwa mlangoni, akamletea viatu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wiki ile tulikuwa likizo, kwa hiyo mchana nilitumwa kuwapelekea chakula. Niliwakuta wameinama ndani ya gari moja jeupe, injini inaunguruma, waya wa mashine umechomekwa chini ya usukani. Kwenye kioo namba zilikuwa zinaruka. Moja ilikuwa inacheza kuliko zote, inapanda, inashuka, inapanda, inashuka.

"Hii ina wazimu gani?" Baba aliuliza.

Bi Waya akaandika kwamba hiyo ni sensa iliyoko kwenye bomba la moshi. Inanusa moshi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Ikizidi, kompyuta inapunguza, ikipungua, inaongeza.

Baba akasimama wima. Akaenda mbele ya gari, akachomoa kijipira kimoja cha hewa. Injini ikatetemeka. Akakimbia kurudi kwenye kioo: namba ya moshi ilikuwa imeanguka, na namba nyingine, ile ya petroli, ilikuwa inapanda polepole kuifuata. Akakimbia mbele, akarudisha kijipira. Akakimbia nyuma: zimerudi. Akachomoa tena. Akarudisha tena. Alikuwa anazunguka lile gari kama kuku aliyeona mwewe, na kila akipita mbele yangu macho yake yalikuwa yamekuwa makubwa zaidi.

"Inafanya kazi yangu!" akapiga kelele. Watu wenye masikio mabovu hawajui kupima sauti. Mtaa wa pili walisikia. "Robo mbele, robo nyuma! Robo mbele, robo nyuma! Tazameni! Haichoki! Na inaandika! Inaniandikia!"

Akamkumbatia Bi Waya akamnyanyua juu, kisha akakumbuka ni binti wa watu, akamweka chini. "Samahani, mwanangu." Kisha akamnyanyua tena. Chakula kilipoa. Nilikula mimi.

Tangu siku hiyo hakukaliki naye. Alihamia karakana ya Bi Waya, meza yake akaiweka kando ya mlango penye mwanga. Ukuta wote wakaupaka rangi nyeusi ili Bi Waya apate mahali pa kuandikia, na ukipita hapo ungesoma nusu ya mazungumzo yao: "SIYO HIYO, YA CHINI YAKE", "MZEE UMEKALIA SPANA", "AMESEMA ATARUDI KESHO, USITIKISE KICHWA". Alijifunza kila namba. Namba ya joto, namba ya hewa inayoingia, muda wa nozeli kubaki wazi. Usiku wa manane angekuwa bado anazisoma kama Mama asingezima taa kwa nguvu. Na kwa sababu miaka yote ile alikuwa ameijua njaa ya injini na shibe yake kwa sikio, alizisoma namba kama mtu anayesoma barua za rafiki wa zamani.

Kisha likizo iliyofuata, siku moja saa nane mchana nilipowapelekea chakula, likaingia gari la mikate.

Liliingia kwa namna ya ajabu. Lango letu lilikuwa mkono wa kushoto kwa mtu anayetoka mjini. Gari likapita lango, likaenda mbele, likapotea. Baada ya dakika tano likaja kutoka upande mwingine, likakata kulia, likaingia. Akashuka dereva, mwanamke mnene mwenye kofia nyeupe, jasho linamtiririka. Sisi tulimwita Dada Mikate.

"Gari langu halikati kushoto," akasema.

Bi Waya akaandika ukutani. Baba akasoma, akafikiri Bi Waya amekosea kuandika. "Usukani umekwama?"

"Usukani mzima! Nikikata kulia, sawa. Nikienda moja kwa moja, sawa. Nikikata kushoto, injini inazima, puu, kama mshumaa uliopulizwa. Nikinyoosha, inawaka tena. Mafundi watatu wameshalitazama. Wa kwanza amebadilisha pampu ya petroli. Wa pili amebadilisha nozeli zote. Wa tatu amebadilisha kompyuta, halafu akaniuliza kama nina ugomvi na majirani."

"Na umekuwa unaendeshaje?" nikamuuliza.

Akavua kofia, akajipepea. "Wiki tatu nakata kulia tu. Nikitaka kushoto, napita, nakata kulia, kulia, kulia, natokea. Duka lililokuwa la kwanza sasa ni la mwisho. Mkate wa asubuhi wanaula jioni. Mwalimu, nimeharibika. Juzi nyumbani nilikuwa nataka kwenda msalani, mlango uko kushoto kwangu, nikajikuta nazunguka meza. Mume wangu ananitazama tu."

Bi Waya alikuwa ameshika ukuta, hana mbavu. Baba, akiwa amesoma midomo nusu na ukuta nusu, hakucheka. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto aliyewekewa keki mbele.

"Twende," akasema. "Wote. Gari lina nafasi."

Tukaenda kwenye kiwanja kikubwa cha saruji nyuma ya maghala, ambacho mchana ule hakikuwa na gari hata moja. Dada Mikate kwenye usukani. Baba pembeni yake, mashine mapajani. Bi Waya nami nyuma, katikati ya trei tupu za mikate, hatuna pa kushika.

"Kata kushoto!" Baba akasema.

Dada Mikate akafumba jicho moja, akakata. Injini ikafa. Gari likashtuka, trei zikatuangukia, Bi Waya akanikalia.

"Tena!"

Tukaenda tena. Ikafa tena. Trei zikaja tena, safari hii kutoka upande wa pili. Mara ya tatu nilicheka. Mara ya tano Bi Waya alikuwa amejifunga kwenye chuma kwa kamba ya aproni yake na anaimba wimbo wa kubembeleza watoto. Dada Mikate alikuwa anaomba msamaha kwa gari. Na Baba mbele hakuwa na habari na mtu, pua imekaribia kugusa kioo.

"Tena! Tena, mama, usiogope! Tena!"

Mara ya nane akapiga kofi kwenye goti lake, halafu, kwa furaha, kwenye goti la Dada Mikate.

"Imeruka! Mmeiona? Imeruka!"

Hatukuona kitu, tulikuwa chini ya trei. Gari likasimama, akageuka kutueleza, na maneno yalimtoka kwa pupa hata yakagongana.

"Sikilizeni. Injini ikikosa petroli haifi kwa mara moja. Gari liko kwenye gia, magurudumu bado yanaizungusha. Namba ya mzunguko ingeshuka taratibu: elfu mbili, elfu moja na nusu, elfu moja. Sivyo? Sasa hii imetoka elfu mbili ikaenda sifuri. Papo hapo! Sifuri, na gari bado linakwenda! Injini inazunguka, lakini kompyuta inaambiwa imesimama. Nayo ina akili, ikiona injini imesimama inafunga nozeli isimwage petroli bure. Pampu haina kosa. Nozeli hazina kosa. Kuna mwongo katikati!"

"Sensa ya krenki," Bi Waya akasema kutoka sakafuni. Hiyo ndiyo inayohesabu mizunguko ya injini na kuipelekea kompyuta hesabu. Kisha akapiga ukelele. "Kushoto! Injini imekaa juu ya mipira! Ukikata kushoto inaegemea upande wa pili! Inavuta... inavuta waya! Ni waya! Nifungulieni! Nani kanifunga?"

"Umejifunga mwenyewe," nikamwambia.

Alitoka kwa mlango wa nyuma kama mkate uliochomolewa kwenye tanuri. Boneti ikafunguliwa, injini ikawashwa, mkono wake ukazama hadi begani. Baada ya dakika moja injini ikafa. Dada Mikate akaruka. Bi Waya akaachia, ikawashwa tena. Akavuta, ikafa. Akaachia.

Fundi fulani siku za nyuma alikuwa ameufunga ule waya wa sensa kwa ukanda wa plastiki, akaukaza mno. Gamba la nje lilikuwa zima, zuri, linameremeta. Ndani yake shaba ilikuwa imekatika, ncha mbili zinagusana tu kwa bahati, na kila injini ilipoegemea, zinaachana. Bi Waya alikata kipande kisichozidi urefu wa kiganja, akaunga kingine kwa risasi ya kuchomea, akakiachia ulegevu wa kutosha. Baba alikuwa amemshikia taa ingawa jua lilikuwa linawaka. Hakuweza kukaa bila kushika kitu.

"Jaribu," akamwambia Dada Mikate.

Dada Mikate akapanda. Mimi nilikuwa bado nyuma, naokota trei. Akakata kushoto. Injini ikanguruma. Akakata kushoto tena. Na tena. Akaanza kuzunguka kiwanja kile kushoto tupu, duara baada ya duara, anapiga honi, anapiga kelele, na mimi nazunguka naye kama nguo kwenye mashine ya kufulia. Kupitia mlango wa nyuma niliwaona Baba na Bi Waya wamesimama katikati, wameshikana mikono, wanarukaruka. Walipita, wakapita tena, wakapita tena. Kisha Dada Mikate akaona lango la kiwanja liko kushoto kwake, akalitokea, akaingia mjini. Nilimpigia kelele. Hakunisikia. Alikata kila njia ya kushoto iliyojitokeza. Aliingia vichochoro ambavyo havikuwa na duka. Alifungua dirisha na kumpungia mkono mwenye duka la kwanza, "Kesho asubuhi! Asubuhi, ndugu yangu!" na aliponishusha nyumbani, nimejaa makombo kichwani, aliniangalia kwa mshangao akauliza nimetoka wapi.

Habari ilitembea kwa kasi, maana hakuna tangazo linaloshinda mwanamke anayegawa mikate maduka ishirini kila siku. Mafundi wengine wakaanza kuwaletea magari yaliyowashinda, wawili kati ya wale watatu wakiwemo, na Baba aliwapokea kwa mikono miwili, akawaonyesha kioo, akawaeleza namba moja moja, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Vile vifaa vya masikio alivivaa jioni, kwa ajili ya Mama. Mjomba akija, alivitoa na kuviweka kwenye mfuko wa shati.

Jumamosi moja Mama aliamua kwenda kuona hicho kinachomfanya mumewe asahau kula. Siku hiyo walikuwa wanasafisha nozeli kwenye meza yao mpya: nozeli nne zimepangwa mstari, zinaelekea chini, kila moja juu ya mrija wake wa kioo. Baba akamvutia kiti, akakipangusa kwa shati lake. Akabonyeza kitufe.

Nozeli zikaanza kupuliza. Petroli haikutoka kama maji ya bomba. Ilitoka kama pumzi, koni nne nyeupe za ukungu, laini, zinatokea na kupotea kwa kasi mpaka jicho likaziona zimesimama tu, zinatetemeka. Mwanga wa mlangoni ulipita ndani yake. Mama, ambaye ametazama vitambaa vyembamba maisha yake yote, akaweka mkono kifuani.

"Shela," akasema. "Baba watoto, ni shela nne." Akasogea. "Lakini hii ya tatu imechanika. Hapa upande."

Baba alimsoma midomo, akainama, akatazama. Ile ya tatu ilikuwa inatoa mchirizi mdogo ubavuni, mwembamba kama uzi. Yeye na Bi Waya walikuwa wameipitisha asubuhi wakasema ni nzima.

"Bi Waya!" akanguruma. "Bi Waya, njoo! Mke wangu ameikamata! Ameikamata kwa macho, hajakaa hata dakika!"

Bi Waya akaja mbio, akaangalia, akamwandikia Mama ukutani kwa herufi kubwa KARIBU KAZINI, akasahau kwamba Mama anasikia vizuri kabisa. Mama akacheka, akauliza kama anaweza kubonyeza yeye mwenyewe. Akabonyeza. Shela zikashuka. Akaachia. Akabonyeza tena, na Baba akapiga makofi. Mwenye gari la nozeli zile alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu, ufunguo mkononi, akingoja mtu amsemeshe. Mwishowe naye akaingia, akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi karibu na Mama kutazama.